Mashine Iliyojifunza Nyavu

Mpwa wangu alinieleza jinsi mashine inavyojifunza akiwa anamenya viazi. Ilikuwa Jumapili, amekuja kwangu Pasiansi baada ya ibada, na kama kawaida yake hakutaka kukaa sebuleni kama mgeni. Alivuta kigoda hadi mlangoni pa jiko, akachukua kisu na beseni, akaanza kazi.

"Mjomba," alisema, "chukulia mimi sijawahi kuona kiazi. Nieleze kiazi kibovu kikoje."

Nimefanya kazi ya redio sehemu kubwa ya maisha yangu. Kuwaeleza watu kitu wasichokiona ndiyo kazi iliyonilisha, kwa hiyo sikuona ugumu. Nikamwambia kiazi kibovu ni laini. Akanirushia kimoja, kigumu kama jiwe. Nilipokirudisha akakipasua, na ndani kilikuwa cheusi. Nikasema basi, kina madoa. Akanionyesha kingine chenye madoa, akakipitisha kwenye maji, madoa yakatoka. Ulikuwa udongo tu. Nikasema kinanuka.

"Kwenye picha, mjomba? Mashine yangu inaona picha tu."

Akacheka kidogo, akaendelea kumenya.

Alisema hapo ndipo sheria zinapoishia. Unaweza kumwandikia mtu sheria mpaka karatasi iishe na bado kiazi kimoja kikamponyoka. Badala ya kumwandikia, unamwonyesha. Hiki kizuri, hiki kibovu, hiki kizuri, hiki kibovu, mpaka jicho lake lenyewe litengeneze kipimo ambacho hata yeye hawezi kukitaja kwa maneno. Mashine inafanyiwa vivyo hivyo. Inapewa picha, inabahatisha jibu, inaambiwa imekosea, inajirekebisha kidogo sana, inabahatisha tena. Haichoki na haioni aibu. Hiyo ni aina ya kwanza, alisema, mashine inayojifunza ikiwa na mwalimu anayejua jina la kila picha.

"Na asipokuwepo mwalimu?"

"Hiyo ya pili. Unaimwagia picha bila majina, unaiambia panga. Inaziweka pamoja zinazofanana. Haijui iyaiteje marundo yake, lakini inayaona."

Nikakumbuka nilipopelekwa mara ya kwanza kufanya kazi katika mji nisioufahamu, bila mwenyeji wa kunielekeza. Kwa siku za mwanzo nilikaa tu stendi na sokoni nikitazama, na taratibu watu wakaanza kujigawa wenyewe machoni pangu: hawa ni wenye shughuli zao, hawa ni wenye kusubiri kitu, hawa wanasubiri mtu kama mimi apotee. Hakuna aliyeniambia.

"Ndiyo hiyo," mpwa wangu alisema. "Na ya tatu ni mama na mawingu."

Mama yake ni dada yangu mkubwa. Ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, anaanika dagaa kwenye mwalo, yaani pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki. Aliyemfundisha kusoma mawingu ni mvua yenyewe. Akianua mapema na mvua isije, dagaa wanabaki wabichi. Akichelewa, wanaloa. Jibu halimjii pale anapoamua. Linakuja baadaye, likiwa zuri au likiwa baya, na yeye anajua mwenyewe arekebishe wapi. Mashine nayo inaweza kufundishwa hivyo, kwa kujaribu na kupata tuzo au hasara. Ndiyo wanavyoifunza ile inayocheza michezo na ile inayotembeza roboti.

"Ila yangu ni ya kwanza," alisema. "Ina walimu wengi, tena wote ni wazoefu."

Alikuwa na sababu ya kunieleza yote hayo. Alitaka niende naye kwa mama yake.

Mambo yalikuwa hivi. Kwa miaka mingi dada na wenzake wa kikundi waliuza dagaa wao kwa mfanyabiashara wa chakula cha kuku. Gari lilikuja, likachukua kila kitu, waliokauka wakang'aa na walioloa wakawa kahawia, wote bei moja. Kuku hachagui. Kisha akatokea mama mmoja wa Mkuyuni anayesaga unga wa lishe wa watoto. Huyu alitaka dagaa safi tu, na alikuwa tayari kununua kila wiki kwa bei ya chakula cha binadamu. Lakini hakuweza kuvuka ghuba kila mara kwenda kukagua, na magunia yakishapakiwa kwenye kivuko cha Kamanga kuyarudisha ni usumbufu. Mpwa wangu, aliyesomea kompyuta na wakati huo akifanya kazi za hapa na pale mjini, akamwambia anaweza kumtengenezea programu ya simu: asubuhi inapigwa picha ya dagaa wa kila mwanamke, simu inasema wa kula au wa kuku, na wa kula tu ndio wanaopakiwa.

Mama wa unga alikubali kujaribu. Dada yangu alipopata habari hiyo alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kufurahi. "Mdogo wangu, nikipata mnunuzi huyu, nitaacha kuamka kwa ajili ya kuku," alisema.

Kwa hiyo tulivuka, mimi nikiwa wa kushika taa na kubeba mkoba.

Mwalo wenyewe ni kipande cha mchanga kinachopanda mpaka kwenye mteremko wa mawe na majani. Karibu na maji kuna jiwe moja kubwa sana, la aina ya haya mawe yetu yaliyopandana kama yamewekwa na mtu. Kila mwanamke ana mahali pake pa kutandika wavu wa kuanikia. Aliyekaa zaidi yuko karibu na maji ili asibebe ndoo mbali, na aliyekuja mwisho yuko juu kabisa mteremkoni. Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima ambaye hata dada yangu anamwamkia shikamoo, alikuwa na nafasi ya heshima, chini kabisa, pembeni ya lile jiwe. Wavu wake ulikuwa wa bluu, mpya, zawadi ya kikundi. Wa dada ulikuwa wa kijani. Juu kabisa, mwanamke mmoja aliyeolewa hapo kutoka upande wa Mara alikuwa ameunganisha vipande vya nyavu kuukuu vya rangi ya kahawia, akavitia viraka kwa uzi mwekundu.

Mpwa wangu alipiga picha kwa siku kadhaa, jua na mawingu, akizunguka nyavu zote. Kisha akawakusanya wanawake chini ya paa la bati la ghala, akaweka kompyuta yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuwaonyesha picha moja moja. Mwenyekiti alikaa mbele, kwenye kiti pekee kilichokuwa na mgongo.

"Hawa wakoje, mama zangu? Wa kula au wa kuku?"

"Wa kula hao," walijibu kwa pamoja.

"Na hawa?"

"Hao tena ndio wenyewe. Wa kula."

"Hawa?"

Mtu akakohoa. "Mm. Hao bado bado. Weka kwa kuku."

Mwanamke wa kutoka Mara alikuwa nyuma, amesimama. Akasema taratibu, "Weka tu, mwanangu. Mimi bado najifunza."

Mmoja wa waliokaa mbele akamtania, "Wajita wa Mara mmezoea kula wabichi, hamjui kuanika." Wote wakacheka, na yeye akacheka nao.

Niliona jinsi majibu yalivyokuja, mengine haraka na mengine kwa kuchelewa. Niliona pia kwamba hakuna aliyebishana na mwenzake hata mara moja. Nilichukulia kwamba ni umoja, na moyoni nikawasifu.

Mpwa wangu hakuipa mashine picha zote. Nyingine alizificha. Alinieleza kwamba mashine ni kama mwanafunzi wa shule zetu, ukimpa mitihani ya zamani anaikariri, halafu anakuja kwenye chumba cha mtihani na majibu ya mwaka jana. Kwa hiyo lazima umtungie mtihani wa maswali ambayo hajawahi kuyaona. Alipoitahini kwa zile picha alizozificha, mashine ilifaulu vizuri mno. Alinipigia simu akiwa anatembea, nasikia bodaboda nyuma yake, na hakuweza kumaliza sentensi kwa furaha.

Mzigo wa kwanza ukavuka.

Nilikuwepo Mkuyuni magunia yalipofunguliwa, kwa sababu mpwa wangu aliniomba nimsindikize. Mama wa unga ni mwanamke mpole, mnene kidogo, mwenye mikono iliyojaa vumbi la unga mpaka kwenye viwiko. Alifungua gunia la kwanza, akatia mkono mpaka chini, akatoa konzi ya dagaa, akainusa. Akatabasamu. Akafungua la pili, akafanya vilevile, na tabasamu likaondoka. Dagaa walikuwa kahawia, matumbo yamepasuka, na harufu yao tuliisikia kabla hajatufikishia puani.

Alifunga mdomo wa gunia kwa utulivu kama mtu anayefunika sufuria.

"Binti yangu," alisema, "hii inaliwa na watoto wadogo. Mama zao hawaniamini mimi, wanaamini unga. Nitakupa nafasi moja zaidi. Mzigo wa pili ukija na dagaa kama hawa, nitarudi kwa watu wangu wa visiwani, na wewe na mama yako tutabaki kusalimiana tu."

Jioni ile dada alipiga simu. Mpwa wangu aliweka sauti ya nje, nadhani ili nimsaidie kubeba lawama.

"Nilikusomesha ili uniletee mashine kipofu?" dada aliuliza.

"Mama, mashine inafuata mliyoiambia."

"Tuliiambia tupeleke uozo?"

"Sijui mama. Natafuta."

"Tafuta kabla mwezi haujawa mkubwa." Maana siku za mbalamwezi mitumbwi haiendi kuvua dagaa, mwanga wa taa zinazowavuta haufui dafu majini, na mama wa unga asingengoja mwezi upungue. Kisha dada akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Mwenye gari la kuku alipita leo. Ameniuliza kama nimechoka kuringa."

Mpwa wangu alikaa kwangu siku zile. Asubuhi moja aliniita kibarazani. Alikuwa amechukua picha zilezile, akaziondolea majina yote, akaiambia mashine izipange yenyewe. Ile aina ya pili. Nilidhani ataniletea marundo mawili, wazuri na wabaya. Yalikuwa zaidi ya hayo. Akageuza kompyuta upande wangu, akafungua rundo la kwanza.

"Unaona nini, mjomba?"

Picha zilijaa kioo, ndogo ndogo, zimepangana kama vigae. Zote zilikuwa na rangi ya bluu.

Akafungua la pili. Kijani. Akafungua jingine. Kahawia, na humo ndani nyuzi nyekundu za viraka.

"Naona nyavu," nilisema.

"Dagaa je?"

Nilitazama tena. Katika rundo la bluu kulikuwa na dagaa wachache waliong'aa na wengi waliofifia, wote pamoja. Katika lile la kahawia, karibu wote walikuwa wanang'aa kama fedha. Mashine haikuwa imewajali dagaa. Ilikuwa imetazama kilichokuwa chini yao, kwa sababu ndicho kilichokuwa kikubwa na rahisi kukiona.

"Lakini ilifaulu mtihani," nilisema.

"Mtihani ulikuwa na nyavu zilezile. Na majibu yalitoka kwa walewale."

Hapo ndipo kikao cha chini ya paa la bati kiliponirudia, na safari hii nikakiona kwa mpangilio wake. Bluu, jibu la haraka. Kahawia, kikohozi. Wanawake wale wanazifahamu nyavu za wenzao kama wanavyofahamu khanga zao. Walipoulizwa kuhusu dagaa, mbele ya mwenye dagaa, walijibu kuhusu mtu. Mkubwa hapewi jibu baya akiwa amekaa mbele yako, na mgeni hapewi sifa kabla hajaizoea mvua ya hapo. Kazini kwetu tulijua kwamba ukimuuliza mtu swali mbele ya jirani zake unapata jibu la mtaa mzima. Mashine ilikuwa imefundishwa adabu zetu, na ilizishika barabara.

Tulivuka tena siku iliyofuata. Mwenyekiti alikuwa amekwenda kwenye kikao cha kanisa, na hilo lilitupa nafasi. Mpwa wangu alimwomba mama yake konzi moja ya dagaa wake wazuri. Akaimwaga kwenye wavu wa bluu, akapiga picha. Simu ikasema wa kula. Akaikusanya konzi ileile, tukapanda nayo mteremkoni huku dada akihema nyuma yetu, akaimwaga kwenye wavu wa kahawia wa yule mwanamke wa kutoka Mara. Akapiga picha. Simu ikasema wa kuku.

Dada alimnyang'anya simu akaitazama karibu na pua.

"Dagaa hao hao?"

"Hao hao, mama. Umewaona kwa macho yako."

Dada akaanza kucheka, akajishika kiuno. "Kumbe nayo inamwogopa mwenyekiti." Mwanamke wa kutoka Mara alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Kisha kicheko cha dada kikapungua, kikaisha, na akageuka kutazama chini, kwenye wavu wa bluu.

"Mama," mpwa wangu alisema, "wale wa mwenyekiti wakoje kweli?"

"Wamekosa jua."

"Siku ile tu?"

Dada alinyoosha mkono kuelekea lile jiwe kubwa. Ilikuwa baada ya saa saba, na kivuli chake kilikuwa kimeshaanza kutambaa juu ya mchanga kama mkeka unaokunjuliwa. Kiligusa ukingo wa wavu wa bluu. Pale pa heshima, karibu na maji, palipata jua la asubuhi tu. Palipopata jua la siku nzima ni kule juu, alikopelekwa mgeni kwa kuwa ni mbali. Gari la kuku liliponunua wote kwa bei moja, jambo hilo halikuwa na maana kwa mtu yeyote, na hakuna aliyekuwa na haja ya kulisema.

"Basi aambiwe ahame," nilisema.

"Utamwambia wewe wa redio?" dada aliuliza. "Mimi niliposhuka hapa na msiba wangu, yule mama ndiye aliyenipa nusu ya mahali pake. Nikamwambie leo kwamba dagaa wake ni wa kuku? Mbele ya nani?"

"Asipoambiwa, mama wa unga anaondoka."

"Najua. Sijasema sijui."

Tulishuka. Tulipofika ghalani mpwa wangu aliongea kama anayejisemea. Alisema kosa lake ni kwamba alipiga picha ya wavu akadhani amepiga picha ya dagaa, na aliuliza swali kwa umati akadhani amewauliza watu. Akamwuliza mama yake kama kikundi bado kina yale masinia meupe ya sherehe.

Kesho yake kila mwanamke alileta dagaa wake kwenye kopo lenye kifuniko. Nyuma ya ghala, peke yake, mpwa wangu aliwamwaga konzi kwa konzi kwenye sinia lile lile jeupe, mahali pale pale, akapiga picha, akarudia, akazichanganya picha mpaka hata yeye asijue ipi ni ya nani. Halafu akaingia ghalani na kompyuta, na wanawake wakaingia mmoja mmoja, mlango ukifungwa. Swali nalo alilibadilisha. Hakuuliza tena wakoje. Aliuliza: hawa utampikia mjukuu wako au utawapa kuku?

Mimi na dada tulikaa nje, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa bati. Ukuta ule hauzuii sauti. Wa kwanza aliingia akajibu kwa wasiwasi, kisha akazoea. Wa pili alijibu kama anayetoa hukumu. Yule wa kutoka Mara alijibu kwa sauti ndogo, bila kusita hata kidogo.

Kisha akaingia mwenyekiti.

"Shikamoo bibi," tulimsikia mpwa wangu.

"Marahaba mjukuu wangu. Haya, nionyeshe. Macho yangu ya mbali ni mabovu, ya karibu bado."

Aliifanya kazi ile kwa haki kabisa. "Hao nampikia. Hao nampikia, tena na nyanya chungu. Hao kuku. Hao kuku. Huyu mwanamke alilala au? Kuku." Dada, pembeni yangu, alikuwa amelikazia ziwa macho kama anamtafuta mtu huko. "Nampikia. Kuku. Hawa nao hata kuku wangu wangeniuliza."

Picha zikaendelea. Halafu akauliza, "Hivi hawa wa kuku, wengi hivi, ni wa nani?"

"Mashine haijui, bibi. Na mimi nimezichanganya makusudi."

"Nirudishie ile moja."

Nilisikia kiti kikilia, kama mtu ameinama mbele.

"Hawa walianikwa kivulini," mwenyekiti alisema. "Upande mmoja umekauka, mwingine umechemka. Jua liliwaacha katikati."

Mpwa wangu hakusema neno. Ni jambo ambalo nimemheshimu nalo mpaka leo, maana mimi ningesema kitu.

Mlango ulifunguliwa, mwenyekiti akatoka. Alitupita bila kututazama. Akashuka mpaka kwenye jiwe, taratibu, akasimama pale wavu wake ulipotandazwa. Kivuli kilikuwa kimeshaufunika nusu. Aliinama, akachukua dagaa mmoja kutoka upande wa jua na mmoja kutoka upande wa kivuli, akawaweka pamoja kwenye kiganja. Wanawake wote walikuwa na shughuli ghafla. Huyu anageuza dagaa waliokwisha kugeuzwa, yule anasuuza ndoo safi.

Nililala kwa dada. Asubuhi tulipofika mwaloni, mwenyekiti alikuwa ameshaung'oa wavu wake na alikuwa anauburuta kupanda mteremko. Mwanamke wa kutoka Mara aliteremka mbio, akashika ncha ya pili.

"Kule chini korongo wamezidi," mwenyekiti alisema, akihema. "Wananimalizia dagaa."

Mtu wa kwanza kujibu alikuwa dada yangu. "Ni kweli mama, korongo wamezidi mno."

"Wana njaa mwaka huu," mwingine akasema.

"Si korongo, hao ni majambazi."

Sikumwona korongo hata mmoja pale chini. Mpwa wangu alinitazama, akainamisha kichwa kuficha uso. Baadaye aliniambia kwamba hayo ndiyo majibu ambayo angeyapata kila siku angeendelea kuwauliza wote kwa pamoja, na kwamba hakutaka kuyafuta kwao, alitaka tu yasiingie kwenye mashine.

Mashine aliifundisha upya kwa picha za sinia. Safari hii aliitahini kwa dagaa wa mwalo wa jirani, ambao yeye wala mashine hawakuwahi kuwaona. Haikufaulu kama mwanzo. Ilikosea hapa na pale, hasa dagaa wanapokuwa na mchanga. Alisema anaiamini zaidi hii inayokosea, kwa sababu sasa anaona inakosea nini. Na aliwaambia wanawake wazi kwamba gunia ambalo simu inasitasita nalo, lifunguliwe kwa mkono.

Jua lilikuwa jema siku zile. Asubuhi ya kupakia, sinia lilizunguka kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Lilipofika kwa mwenyekiti, yeye mwenyewe alichota konzi akaimwaga, akarudi nyuma hatua moja kama anayepigwa picha. Mpwa wangu akamwonyesha kioo cha simu. Wa kula.

"Imejuaje kuwa ni wangu?"

"Haijui, bibi."

Akaitikia kwa kichwa. "Haya. Funga gunia."

Yale magunia ya nyuma, ya wakati wavu wake ulipokuwa kando ya jiwe, aliyatenga mwenyewe kabla hatujafika, akayaweka upande wa barabara kulisubiri gari la kuku.

Huko Mkuyuni mama wa unga alifungua magunia yote. Hakuchagua mawili matatu kama mtu anayeamini. Alifungua kila moja na kutia mkono mpaka kwenye kiwiko. Moja alilikalia muda, akatoa dagaa wenye mchanga, akalisogeza pembeni kwa mguu. Lilikuwa ni moja la yale ambayo simu ilisitasita nayo, na wanawake wakaliachia lipite. Mpwa wangu alisimama mikono nyuma, na nilimwona anavyobana vidole vyake.

"Hili mtarudi nalo," mama wa unga alisema. "Mengine shusheni. Na wiki ijayo msichelewe na kivuko cha asubuhi, mchana mashine yangu ya kusaga ina foleni."

Nilitoka nje kumpigia dada. Nilimpa habari kwa mpangilio, kama nilivyozoea: magunia yamepokelewa, moja limerudi kwa sababu ya mchanga, ameagiza ya wiki ijayo. Nyuma yake nilisikia maji na sauti za wanawake.

"Dada, upo?"

"Nipo. Nimekusikia. Ngoja nikate, mtumbwi umeingia. Leo ni zamu yangu kumpandishia mwenyekiti ndoo, na kule juu ni mbali."